Timu ya taifa ya ragi iundwe na wachezaji wa ligi ya nyumbani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niunge mkono wazo kwamba nchi ambako ragi ya wachezaji 13 (rugby league) bado ni changa, na yetu ya Kongo (DRC) ikiwemo, iunde timu yake ya taifa kwa wachezaji wa mashindano ya ndani. Wapo wanaolidharau wazo hili, kana kwamba anayecheza nyumbani ni yule aliyekosa pa kwenda. Sisi wa Lubumbashi hatuwezi kukubali dharau hiyo. Kongo ilitwaa kombe la CHAN, mashindano ya soka ya wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2009 na tena mwaka 2016. Katika fainali hiyo ya 2016 mjini Kigali tuliifunga Mali mabao 3 kwa 0, na Meschak Elia, aliyefunga mawili, alikuwa mchezaji wa Mazembe, klabu ya hapa Lubumbashi. Watu wa Kamalondo hawakuhitaji kuambiwa yeye ni nani, kwa kuwa walikuwa wakimshangilia katika uwanja wa mtaani kwao.

Ragi hiyo yenyewe ilizaliwa mwaka 1895 mjini Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale klabu zilipojitenga baada ya kukatazwa kuwafidia wachezaji ujira walioupoteza kwa kuacha kazi ili wacheze. Wengi wao walikuwa watu wa migodini na viwandani. Mji wa shaba kama wetu, ambako kijana hutoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja mazoezini, unaielewa haki hiyo.

Najua Lebanon ilicheza Kombe la Dunia la mwaka 2000 ikiwa na kikosi ambacho karibu chote kilitoka Australia, na ligi ya Lebanon ilianza baadaye. Siwabezi vijana wale, kwani ndio waliofungua njia. Wa ng'ambo waitwe kwa Kombe la Dunia, lakini mechi za kirafiki na za kanda waachiwe wanaocheza nyumbani, maana bila mechi hizo hawatakomaa kamwe.

Ninasisitiza jambo moja: ligi ya nyumbani isigeuzwe kuwa ligi ya Kinshasa. Kutoka hapa hadi huko ni safari ya ndege, na klabu ndogo haina nauli ya kikosi kizima. Kwa hiyo wateuzi ndio wasafiri, waje majimboni wakati wa mechi, kisha orodha ya walioteuliwa itangazwe pamoja na klabu ya kila mmoja.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi