Samli ya moto, Salma

Mwanangu Salma,

Assalaam alaykum. Hatujambo, bibi yako tu na magoti yake. Nimesoma ujumbe wako kwamba unataka kumpikia mama mwenye nyumba Mysore pak, ile tamutamu ya Kihindi ya unga wa dengu, kwa Deepavali, sikukuu yao ya taa, chumbani, peke yako. Mtu kazaliwa Mysuru, mji huo huo wa India wenye jina lake, na wewe wa Tanga ndiye umpikie! Nimefurahi, sikufichi. Lakini samli ile, Salma.

Vitu vyenyewe ni vitatu na maji kidogo ya shira: unga wa dengu kikombe kimoja, sukari viwili, samli viwili. Uchache huo ndio unaowaponza watu. Unga uchekeche, ukaange kwa moto mdogo mpaka harufu ya ubichi iondoke. Shira ifike uzi mmoja, yaani ukiivuta itoe uzi, na hapo nakujua, utachovya kidole. Usichovye. Chota kwa kijiko, ipoe, ndipo uivute baina ya kidole gumba na cha shahada. Shira ya moto inang'ang'ania ngozi na kuzidi kuunguza. Kovu la mkono wangu unalijua, sirudii habari yake.

Unga ukishaingia kwenye shira, samli inamiminwa ikiwa moto, upawa kwa upawa, na mkono wa pili haukomi kukoroga. Mikono miwili yote ina kazi, sasa sufuria ikiteleza ataishika nani? Kila upawa ukiingia, mchanganyiko unafura povu na kuruka. Povu hilo ndilo linaloacha vitundu ndani ya kipande, kwa hiyo siwezi kukwambia uipoze samli. Tafuta sufuria nzito yenye kina, si kile kikaango chako, na mwiko wa mpini mrefu. Mtandio wa nailoni uvue. Maji yasiikaribie samli, hata tone. Ukiungua, weka chini ya bomba la maji baridi dakika 20. Dawa ya meno usipake. Unasomea famasia, lakini kwa dawa ya meno nyote nyumba hii nawajua.

Ikianza kuachia sufuria na samli kujitenga pembeni, mimina kwenye treya, usiishindilie. Katikati ikiwa kahawia kuliko juu, ni joto lililobaki ndani, na wengi wanaipenda hivyo. Kata ingali moto, ikipoa itakuvunjikia.

Mama mwenye nyumba atakusimulia habari za Kakasura Madappa, mpishi wa jumba la Maharaja Krishnaraja Wodeyar wa Nne, ambaye wanasema ndiye aliyeianzisha Mysore pak. Msikilize hata kama umeshasikia. Kizazi chake kina duka, Guru Sweet Mart, barabara ya Sayyaji Rao, jirani na soko la Devaraja. Mambo yakikushinda, nenda kanunue robo kilo, hakuna aibu. Ukishikilia kupika, basi mwite mwenzako asimame hapo, na simu muiweke mbali.

Samli halisi ni ghali, na pesa niliyotuma ilikuwa ya vitabu. Nimeliona hilo, nimenyamaza.

Mdogo wako kapata 78 ya hesabu, sasa hasalimii mtu. Tangi la uani linavuja tena. Fundi kachukua malipo ya awali tangu Jumatatu na simu haipokei. Mama yako anauliza ile kanga ya bibi uliondoka nayo au iko wapi, maana kabati zima limepekuliwa. Mjibu yeye, si mimi.

Baba yako