Jibu kuhusu matungulu

Fort Portal, Uganda

Shoga yangu,

Salamu zako zimefika, na nimefurahi kusikia iliki zenu huko Amani, milimani Usambara, zimebeba vizuri. Umeniuliza kama yale matunda mekundu uliyoyaona kwenye picha yakikaushwa yatauzika kama iliki. Nikujibu mapema, maana wewe ukishapata wazo la biashara hulali.

Huku wanayaita matungulu. Ni ukoo mmoja na tangawizi, manjano na iliki, ila haya yanajiotea tu katika msitu wa Kibale, hasa penye uwazi, mti mkubwa ukishaanguka na jua likapenya. Jani ukilifikicha linanukia kiungo. Mmea wenyewe unakupita kimo, lakini tunda usilitafute juu. Linachomoza chini kabisa, penye shina, nusu limefunikwa na majani makavu. Linalingana na kidole. Ukilipasua unakuta nyama nyeupe, chachu yenye utamu kwa mbali, imeshikana na punje nyeusi zinazong'aa. Unafyonza, punje unatema. Mate yanakujaa mdomoni hata kabla hujaonja la pili!

Kwa hiyo huku linaliwa bichi, si kiungo. Wanaokausha ni Waethiopia: wana jamaa yake, korarima, wanayoitia kwenye kahawa na kwenye berbere, mchanganyiko wao wa pilipili na viungo. Afrika Magharibi nako wana ya kwao, punje kali zilizowavuta wafanyabiashara wa Ulaya mpaka pwani ya Liberia ikaitwa Pwani ya Pilipili.

Na kuhusu kuyapanda huko kwetu, mimi sikushauri. Umeona mwenyewe iliki ilivyoufanya msitu: juu miti mikubwa imebaki, chini pamefyekwa, miche haipati nafasi ya kukua. Tusiongeze lingine. Tena matungulu yana wenyewe. Matunda ya mitini yakiadimika, sokwe mtu wa Kibale hushuka, wakavuta shina, wakachana maganda na kutafuna kiini. Maji wanameza, makapi wanatema, kama sisi na muwa.

Ukija likizo nitakupeleka sokoni, yanauzwa kwa mafungu. Ila wewe nitumie nusu kilo ya iliki kavu kwa yeyote anayekuja Kampala. Ninayonunua dukani huku haina harufu kabisa, chai nainywa basi tu.

Nisalimie mama na watoto.

Wako,
Shoga yako wa Fort Portal