Kwa mwalimu mwenzangu wa Tabora: kazi tuupe mwanga

Ujiji, Kigoma

Mwalimu mwenzangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku tu wazima. Ziwa limetulia wiki hii na dagaa wanapatikana, nitawatumia wakikauka vizuri.

Barua yako nimeirudia zaidi ya mara moja, hasa pale unapoeleza kamera mliyoifunga mbele ya mzinga. Unasema programu inawatambua vizuri nyuki wanaorudi na chavua, ila kompyuta inalemewa, inachemka, na picha zinajipanga foleni. Unaniuliza kama dawa ni kununua kadi kubwa ya grafiki. Nakuomba usinunue kwanza. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu likizo: sehemu ya kazi hiyo tuupe mwanga wenyewe.

Hesabu unaziweza kuliko mimi, lakini niziandike ili twende pamoja. Katika mtandao wa neva wa kusoma picha, yaani programu inayojifunza kwa mifano na kupitisha picha tabaka moja la hesabu baada ya jingine, mzigo mkubwa uko kwenye hesabu iitwayo konvolusheni. Kichujio kidogo cha 3 kwa 3 kinapitishwa juu ya kila pikseli, na kila kinapotua ni kuzidisha mara 9. Picha ya pikseli 1,000 kwa 1,000 inataka kuzidisha mara milioni 9 kwa kichujio kimoja. Vichujio vikiwa 64, ni milioni 576, na hapo ni tabaka la kwanza tu. Ndiyo maana kompyuta yenu inachemka.

Sasa chukua lenzi mbinuko, hizi hizi za maabara. Weka picha iliyochapwa kwenye karatasi angavu kwenye fokasi ya upande mmoja, imulike kwa leza, halafu kinga karatasi kwenye fokasi ya upande wa pili. Unachokiona kwenye karatasi kimetokana na mgeuzo wa Fourier wa picha ile, yaani hesabu inayoipanga picha upya kwa upana na wembamba wa vilivyomo: vitu vipana vimekusanyika katikati, mistari myembamba imekimbilia pembezoni. Na ni wewe uliyenielewesha kwamba konvolusheni ukishaihamishia upande wa Fourier inabaki kuzidisha tu, nukta kwa nukta. Basi weka kichujio chako, nacho kikiwa kimegeuzwa vivyo hivyo, pale pale kwenye fokasi, na lenzi ya pili iikusanye picha upya. Konvolusheni imekwisha. Kwa lenzi za fokasi ya sentimita 20 safari nzima ni sentimita 80, na mwanga huimaliza kwa nanosekunde 2.7 hivi. Kichujio kiwe cha 3 kwa 3 au cha 50 kwa 50, muda haubadiliki! Nikilifikiria hili nashindwa kukaa kimya, ndiyo maana barua imekuwa ndefu.

Msingi wake ni wa zamani. Anderson VanderLugt, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha mwaka 1964 namna ya kutafuta umbo fulani ndani ya picha kwa lenzi na kichujio cha aina hii. Kilichokuja baadaye ni mitandao ya neva yenye njaa kubwa ya konvolusheni.

Darasani kwangu tumeligusa kwa vitendo. Tulichukua kipande cha wavu mwembamba wa mafundi wanaochapa fulana (chandarua hakifai, matundu yake ni makubwa mno, nukta zinabanana), tukakimulika kwa leza na kuweka lenzi mbele yake. Kwenye fokasi zikatokea nukta zimejipanga kama msalaba. Tukazikinga kwa kadi yenye mwanya mwembamba, tukabakiza msururu mmoja tu, na kwenye ukuta nyuzi za upande mmoja zikatoweka huku za upande mwingine zikibaki. Wanafunzi walidhani tumeugusa wavu. Usiache mtoto aichungulie leza kwa jicho, hilo sihitaji kukueleza.

Mwaka 2018 kundi la Aydogan Ozcan kule UCLA, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, lilikwenda mbali zaidi: walichapa matabaka matano ya plastiki kwa printa ya 3D, yakatambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono kwa mawimbi ya terahezi, yasiyoonekana kwa jicho, kupita tu ndani yake. Kwenye hesabu za kompyuta muundo ule ulipata asilimia 91.75. Programu za kawaida huvuka 99 kwa tarakimu hizo hizo, na plastiki ikishachapwa huwezi kuifundisha kitu kingine. Lakini yale matabaka yenyewe hayali umeme. Sisi wa Kigoma, tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, tunajua uzito wa sentensi hiyo.

Ugumu uko mlangoni. Picha ikishakuwa namba ndani ya kompyuta, lazima uirudishe kuwa mwanga, kisha kamera iisome na kuigeuza namba tena. Ni kama mzigo wa Bujumbura: treni inaweza kukimbia itakavyo, bado hapa bandarini utashushwa na kupakiwa melini. Vioo vingi vya fuwele za kimiminika (kama vya televisheni) vya kuingizia picha hubadilika mara 60 hivi kwa sekunde, na nanosekunde zako zote zinaishia hapo. Zaidi ya hayo, lenzi inajumlisha na kuzidisha tu. Ule uamuzi wa neva, kuwaka au kutowaka, bado ni wa umeme.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: picha iliyokwisha kuwa namba iachiwe kompyuta. Mwanga upewe kazi kabla kamera haijaugeuza, na mzinga wako ni mahali pake hasa, kwa kuwa nyuki wanakuja kwenye lenzi wakiwa mwanga tayari. Gordon Wetzstein wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walionyesha mwaka 2018 kwamba inawezekana hata bila leza. Waliweka mbele ya kamera kipande kilichochongwa ili ukungu ambao lenzi inautia kwenye picha uwe ndio vichujio vya tabaka la kwanza. Mwanga wa kawaida hauwi hasi, kwa hiyo namba chanya na hasi zilipewa vichujio tofauti, kisha kompyuta ikapunguza za hasi kwenye za chanya. Matabaka yaliyofuata yakabaki kwenye umeme, na yana kazi ndogo.

Kuchonga kipande kama hicho hatuwezi bado. Tunachoweza ni kujua kama kinafaa. Nichagulie picha 200 za mzinga, nusu nyuki wenye chavua, nusu wasio nayo, uzitume. Nami naomba unikokotolee vichujio vya tabaka la kwanza la programu yako, kila kimoja kikigawanywa chanya na hasi. Nitavichapa kwenye karatasi angavu ya projekta, nianze na kimoja kwenye meza ya maabara, tulinganishe na jibu la kompyuta yako.

Nakuomba zifike kabla muhula haujafungwa, leza ni ya shule.

Wako,
Mwalimu wa Fizikia, Ujiji