Barua ya wazi kwa Gavana wa Vientiane: kibao cha Patuxai kisiguswe

Kwako Mheshimiwa Gavana wa Mji Mkuu wa Vientiane, Laos.

YAH: KIBAO CHA PATUXAI KISIGUSWE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Najua Kiswahili hukisomi. Lisikusumbue hilo, barua ya wazi siku zote husomwa zaidi na wasioandikiwa.

Mimi na mume wangu ni watalii wa begi mgongoni, wale wanaouliza bei ya chumba kabla ya kuuliza kama kina dirisha. Tuliingia mjini kwako kutokea Thailand, kwa Daraja la Urafiki lililofunguliwa mwaka 1994. Thailand magari hupita kushoto kama kwetu Tanzania. Kwako hupita kulia, na shingo ya mume wangu haikupewa taarifa. Barabara ya kwanza tu kuivuka, akaangalia upande usio na gari, akajitosa. Pikapu ikafunga breki hatua moja kutoka gotini pake. Dereva hakupiga honi, alitabasamu akasubiri. Ingekuwa Dar es Salaam, mama mkwe wangu angetajwa mara kadhaa.

Sasa nije kwenye kibao. Patuxai ni lango la ushindi lililojengwa kati ya 1957 na 1968 kwa kuigiza lile la Paris, tena inasimuliwa kwamba saruji yake ilitoka Marekani kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wakubwa wa wakati ule wakaona heri lango. Ndiyo maana wageni wakalibatiza njia ya ndege iliyosimama wima. Tulilifuata kwa miguu, barabara nzima ya Lane Xang, saa saba mchana, mwezi wa Aprili, na yeyote aliyeonja Aprili ya kwenu ananielewa. Tulipofika, tukakuta kibao chenye maelezo ya Kiingereza yanayomweleza mgeni, bila aibu, kwamba jengo hili ukilisogelea linapungua mvuto, na kwamba linafanana na dubwana la zege.

Mume wangu alikaa chini. Alicheka mpaka mlinzi akaja kumtazama kama yu mzima. Mheshimiwa, mimi nimekulia nchi ambayo kila poromoko la maji ni zuri kuliko yote Afrika na kila hoteli ya wilayani ni ya kimataifa. Serikali inayoisema mali yake yenyewe namna ile sikuwahi kuiona. Nasi, kwa kuwa tulishaambiwa ukweli, tulilipenda lile dubwana. Tulipanda hadi juu, tukapita maduka ya fulana, tukapigwa na upepo, tukafurahi kabisa.

Shida yetu ilianza kule kusikokuwa na kibao kama hicho.

Dereva wa tuk-tuk, bajaji ya kwenu, alitutolea kadi iliyopigwa plastiki, ina picha za vivutio na bei zake, bei ambazo naamini hata yeye huzionea haya, maana alikuwa ameziba moja kwa kidole gumba. Tukasema tupeleke mtoni tukaone Mekong. Akazunguka hekalu moja, akazunguka jingine, akatushusha. Nikageuka nyuma, nikaiona nguo yetu tuliyoianika dirishani kwenye nyumba ya wageni. Mto ulikuwa mtaa wa pili.

Na mto wenyewe? Mchanga. Kiangazi Mekong husogea kando upande wa Thailand, na mtalii aliyekuja na picha ya machweo juu ya maji huachwa akitazama uwanda mkavu na vijana wanaocheza mpira. Simu yangu ndiyo iliyoufaidi ule mto: iliukimbia mtandao wa Laos, ikashika wa ng'ambo, na ujumbe ukaingia kunikaribisha Thailand na kunikata salio.

Halafu kuna Bustani ya Buddha, kilomita kama 25 kutoka mjini, kwa basi namba 14. Sanamu zaidi ya 200, zinaonekana za kale sana, kumbe ni za zege, zilianza kujengwa 1958. Penye lango kuna boga kubwa la zege ambalo unaingia kwa mdomo wa zimwi, ndani lina ghorofa tatu: jehanamu, dunia na mbingu. Ngazi zake ni nyembamba. Mume wangu alikataa katakata kuliacha begi kwa mkata tiketi, na kati ya jehanamu na dunia akakwama. Hapandi, hashuki. Nyuma yake foleni ya watalii wa Kithai ikajaa kwa upole. Mimi navuta mikanda kutoka juu, na bibi mmoja anasukuma begi kwa viganja viwili kutoka chini, huku anasema maneno niliyoyachukulia kuwa dua. Lilipochomoka, sufuria yetu ndogo ikaanguka, ikarudi jehanamu peke yake. Huko mbinguni tulikofika joto lilikuwa kali kuliko chini.

Mahali pamoja sina utani napo. Kituo cha COPE, kinachowasaidia waliopoteza viungo kupata vya bandia, hakikuwamo kwenye kadi ya yule dereva. Pale unaoneshwa miguu ya bandia ambayo watu wa vijijini walijichongea wenyewe kwa mbao na mabaki ya chuma, maana kati ya 1964 na 1973 Marekani ilidondosha zaidi ya tani milioni mbili za mabomu juu ya nchi yenu, na vibomu ambavyo havikulipuka bado viko mashambani. Tuliingia kukimbia jua tukatoka hatuongei. Weka hapo pawe pa kwanza kwenye kila kadi mjini.

Ombi langu lingine ni dogo. Siku moja atakuja mshauri wa masoko akwambie yale maelezo ya Patuxai yanachafua sura ya mji, yang'olewe. Mpe chai, mshukuru, umsindikize hadi mlangoni. Kisha uagize vibao zaidi. Ukingoni mwa mto: maji yapo kule mbele, rudi Agosti. Kwenye boga: begi libaki nje. Kituo cha tuk-tuk: kabla hujapanda, muulize mpita njia.

Rangi iwe nyeupe, maandishi makubwa. Na kile cha mtoni kiwekewe kivuli.

Wako mtiifu,
Mtalii wa begi mgongoni, kwa niaba yake na mumewe
Tanga, Tanzania