Harambee za shule zinawaacha nyuma watoto wa visiwani

Mhariri,

Hapa Lamu shule ikitaka darasa, choo au mshahara wa mwalimu wa BOM (anayeajiriwa na bodi ya shule), wazazi wa shule hiyo ndio huitwa kuchanga. Sina ugomvi na harambee. Bila hiyo, shule nyingi za kaunti hii zisingekuwa hata na ua. Ninachopinga ni huu mtindo wa kila shule kujichangia peke yake. Walio nacho huongezewa, na wasio nacho hubaki pale pale.

Serikali ilipanga Sh1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma. Kwa kiwango hicho, shule ya mjini yenye watoto 800 hupata Sh1,136,000, na ya kisiwani yenye watoto 80 hupata Sh113,600. Aliye mbali atasema hiyo ni haki, kila mtoto kapata sawa na mwenzake. Lakini paa la darasa lina bei ile ile, wakae chini yake watoto kumi au hamsini, na mlinzi halipwi kwa kuhesabu vichwa. Tena saruji inayonunuliwa Mokowe, bara, hadi ifike kisiwa cha Kiwayuu imeshalipiwa boti na wapagazi, na pengine imelala njiani kungoja maji yajae katika mlangobahari wa Mkanda ndipo chombo kipite. Kwa hiyo shule ndogo hupewa kidogo na kuuziwa ghali.

Pengo hilo ndilo linaloletwa kwa mzazi. Mjini kuna wazazi wenye gesti, maduka na mishahara ya kaunti. Kizingitini au Ndau mzazi ni mvuvi, na muhula wa pili huangukia msimu wa upepo wa kusi. Bahari imechafuka, vyombo vidogo havithubutu kutoka nje ya mwamba, na ndipo barua ya mchango inapofika nyumbani. Sijui nani hupanga tarehe hizi, ila hajawahi kuishi kwa samaki.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza karo katika shule ya umma. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, hayakusanywi bila risiti rasmi, na mtoto hakataliwi shuleni kwa kushindwa kuyalipa. Hata hivyo nimeona watoto wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango. Mzazi akiuliza, huambiwa ni makubaliano ya wazazi. Yalikubaliwa na waliohudhuria mkutano, na mvuvi siku hiyo alikuwa baharini.

Na hapo sijagusa wadi ya Basuba, ambako shule za msitu wa Boni zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama. Mzazi wa Mangai au Milimani utamwambia nini kuhusu harambee?

Sasa hivi jambo hili lina uzito kuliko zamani. Kwa mtaala mpya, mtoto anayetaka mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati katika sekondari ya juu anahitaji maabara na mwalimu wa fizikia tangu sekondari msingi. Gati la kwanza la bandari yetu huko Kililana lilifunguliwa Mei 2021, na kazi za maana pale ni za watu waliosoma masomo hayo hayo. Shule inayochangiwa na matajiri itajijengea maabara. Isiyokuwa nao itafundisha kemia kwa kuchora ubaoni, kisha tutalalamika kwamba kazi zimechukuliwa na wageni.

Pendekezo langu ni mfuko mmoja wa michango kwa shule zote za umma za kila kaunti ndogo. Harambee ifanywe, wageni waalikwe, lakini sehemu ya fedha, tuseme robo, iingie katika mfuko huo na ianze na shule zenye watoto wachache zaidi. Wakati huo huo, vyama vya wazazi viidai serikali kiwango cha chini ambacho hakuna shule itakayopewa pungufu yake, hata ikiwa na watoto 30.

Najua mzazi wa Langoni au Mkomani, mitaa ya mjini Lamu, atauliza kwa nini pesa yake ijenge Faza, huku kisiwani Pate. Nami namuuliza: Riyadha, msikiti na chuo cha dini cha mji wa Lamu, au Amu, imesomesha wanafunzi waliotoka pande zote za Afrika Mashariki kwa zaidi ya karne moja. Sijasikia mtu wa Amu akilalamika kwamba sadaka yake au wakfu wa babu yake umemlisha mtoto asiyemjua. Swali la nani ataishika pesa ndilo zito zaidi, na sina jibu lisilo na mashaka. Ila kamati za misikiti yetu husoma hesabu mbele za watu, na ikikosewa kunakuwa na kelele. Tuanzie hapo.

Sheria inawapa wazazi na wanajamii wajumbe 6 wa kuchaguliwa katika bodi ya kila shule. Huku kwetu nafasi hizo mara nyingi hupewa wale wale, uchaguzi ukifanywa asubuhi ya siku ya kazi. Ninaiomba Bodi ya Elimu ya Kaunti iwaite wenyeviti wa bodi zote za Lamu Mashariki na Lamu Magharibi kabla muhula wa pili haujafunguliwa, kila mmoja aje na hesabu za shule yake za mwaka uliopita: alichopokea serikalini, alichochangisha, na alichotumia kwa usafiri wa boti. Hesabu hizo zibandikwe ukutani kwenye kila shule, kwa Kiswahili.

Mzazi,
Kisiwa cha Pate, Lamu