Walipokuzomea nilikuwepo

Mwanangu Idrisa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mjomba wako anakusalimu, na mbuzi wa jirani bado anamaliza mchicha wangu. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unanijibu "sawa mama" kabla sijafika mwisho, na safari hii nataka nifike.

Jumamosi ile nilikuja kwenye pambano lako bila kukuambia. Nilikaa nyuma kabisa na wauza karanga, nimeuma ncha ya khanga. Nikawasikia. "Pigana wewe! Umekuja harusini?" Raundi tatu nzima yule kijana alikuwa anapiga hewa, wewe unamgusa na kuondoka, unamgusa na kuondoka, na watu wanapiga miluzi kama wameibiwa kiingilio. Raundi ya nne ukashusha mikono, ukasimama katikati ya ulingo mkaanza kurushiana makonde kama wapiga debe waliogombea abiria. Hapo ndipo ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Ulishinda kwa pointi, sikatai, lakini ulishuka pale jicho limevimba kama andazi.

Halafu juzi unaniambia umeamua kubadili upiganaji wako, eti promota kasema hakuna anayelipa kuja kumtazama mtu anakwepa.

Sasa nikuulize, yule Mcuba wako umemtupa wapi? Simu uliyoniachia picha yake bado iko kwenye kioo, na mapambano yake uliyopakua bado yamo. Mimi huwa nayaangalia alfajiri maharage yakichemka. Mwanzo nilikuwa namtazama ili nijue mwanangu anapenda nini. Siku hizi namtazama kwa ajili yangu mwenyewe.

Guillermo Rigondeaux, mtoto wa Santiago de Cuba, wanayemwita El Chacal, mbweha. Kwao ngumi za kulipwa zilipigwa marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo bondia alipiganishwa na serikali, akalishwa na serikali, akastaafishwa na serikali. Alichukua dhahabu ya Olimpiki Sydney mwaka 2000, akachukua nyingine Athens mwaka 2004, uzito wa bantam. Dhahabu mbili! Teófilo Stevenson alichukua tatu, akatakiwa na Wamarekani kwa mamilioni, akakataa akabaki kwao, na watu wakampenda hadi kufa kwake. Rigondeaux hakuwa na moyo wa namna hiyo. Simlaumu. Mtu anayeuza samosa anajua bei ya samosa yake, sembuse mwenye mkono wa kushoto kama ule.

Mwaka 2007, Rio de Janeiro, kwenye michezo ya nchi za Amerika, yeye na mwenzake Erislandy Lara wakatoroka kambini. Polisi wa Brazil wakawapata, wakarudishwa Cuba. Fidel Castro mwenyewe, wakati huo anaugua, akaandika gazetini kwamba hao hawatapigania tena nchi. Basi ikawa hivyo, bingwa wa dunia yuko nyumbani hana ulingo. Februari 2009 akaondoka tena, safari hii kwa njia ya magendo kupitia Mexico hadi Miami, akaacha mke na watoto. Hapo ndipo sipatani naye, na wewe unajua kwa nini, maana babako naye aliaga anakwenda kutafuta. Tuyaache.

Mei mwaka huohuo akapanda ulingoni kama bondia wa kulipwa, umri wake miaka 28. Wenzake huanza wakiwa na kumi na tisa, ishirini. Hakuwa na muda wa kubembeleza mtu.

Nataka uangalie tena lile pambano la New York, tarehe 13 Aprili 2013, na Nonito Donaire, Mfilipino. Huyo Donaire mwaka uliotangulia alikuwa ametajwa bondia bora wa mwaka, kila anayemgusa na kushoto kwake analala. Rigondeaux lilikuwa pambano lake la kumi na mbili tu la kulipwa. Wewe huwa unatazama mikono. Mimi natazama miguu. Anarudi nyuma hatua moja, kidogo tu, kama mtu anayepisha baiskeli kwenye uchochoro. Ngumi ya Donaire inapita pale kidevu kilipokuwa. Kabla Donaire hajaurudisha mkono wake, kushoto kumeshafika na mwenye kushoto hayupo tena. Si kukimbia kule, baba. Anayekimbia hupiga hatua tano. Huyu anapiga moja, nusu wakati mwingine, ili abaki karibu ya kutosha kukuumiza.

Raundi ya kumi Rigondeaux akaangushwa. Akaamka, akaendelea na kazi ileile, kama mtu aliyejikwaa sokoni. Hakusema sasa nami niwaonyeshe. Raundi ya mwisho Donaire alikuwa ameufunika uso kwa glavu, jicho limefumba. Majaji wote watatu wakampa Rigondeaux.

Na unajua alilipwa nini kwa somo lile? Alizomewa. Promota wake, Bob Arum, akalalamika hadharani kwamba hauziki. Desemba akamcheza Joseph Agbeko wa Ghana huko Atlantic City, majaji wote wakaandika 120 kwa 108, maana yake hakupoteza hata raundi moja, na watu wakapiga miayo. HBO, televisheni ya Marekani iliyokuwa ikimwonyesha, ikamchoka. Mwaka 2014 akawa anapigana Macau huko China, mkesha wa mwaka mpya akawa Osaka, Japani, mbali na pesa kubwa. Mwaka 2015 mikanda yake ya ubingwa ikamtoka bila mtu kumpiga, kwa kukaa tu bila pambano.

Nakuambia haya na ubaya wake, nisije nikaonekana nakupamba. Promota wako hasemi uongo. Mtu anayekwepa anauza tiketi chache. Yule Mcuba alilipa kwa mfuko wake, na sisi mfuko wetu unaujua, nauli ya kukufuata Jumamosi nilikopa kwenye kikoba.

Ila nenda ukamtazame mjomba wako. Wewe umekua unamwona mtu mzima anayesahau, ukadhani ndivyo alivyozaliwa. Kaka yangu alikuwa kipenzi cha ukumbi. Alikuwa anashusha mikono makusudi, anatoa kidevu, anamwambia mwenzake piga, na watu wanasimama juu ya viti. Nilikuwa msichana, nilisimama nao, nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Leo ananisaidia kibandani. Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye maharage, akaenda kuchota maji, akarudi akatia tena. Wateja wakacheka, nikacheka nao, nikampa wa mezani soda ya bure. Jioni alihesabu chenji ya elfu mbili mara tatu, kisha akanipa nihesabu mimi. Hakuna hata mmoja wa wale waliosimama juu ya viti anayekuja kumsaidia kuhesabu.

Utaniambia mbweha wako naye alipigwa. Ndiyo. Osaka aliangushwa mara mbili katika raundi ya saba na yule Hisashi Amagasa, mrefu kama mlingoti. Lakini akarudi akamtengeneza uso mpaka kona ya Mjapani wenyewe wakasema basi baada ya raundi ya kumi na moja. Na Cardiff mwaka 2016, James Dickens alibaki kwenye kiti chake na taya lililovunjika baada ya raundi mbili. Kwa hiyo aliyesema mtu huyu hapigi, hajapigwa naye.

Desemba 2017 akapanda uzito akakutana na Vasyl Lomachenko wa Ukraine. Kila mmoja ana dhahabu mbili za Olimpiki, na wawili wa namna hiyo walikuwa hawajawahi kukutana katika ngumi za kulipwa. Lomachenko alimzidi mwili na alimzidi ujanja, haina haja ya kuficha. Baada ya raundi ya sita Rigondeaux akakaa kwenye kiti akasema mkono wake wa kushoto umeumia, haendelei. Walimtukana sana. Najua hata wewe hulipendi pambano hilo, umelipakua nusu. Mimi nililitafuta lote, nikamwomba binti wa dukani anipakulie. Yule mtu ameketi, jasho linamtiririka, anatikisa kichwa, na akili zake zote anazo. Nilivuta pumzi kama vile nimezaa mimi.

Sasa sikia kitu kinachonifanya nimwone ndugu. Machi 2022, huko Miami, alikuwa jikoni anapika maharage kwa sufuria ya presha. Sufuria ikalipuka, ikamuunguza macho. Macho yaleyale ambayo Donaire na kushoto kwake hakuyafikia! Nilipoelezwa nilikaa chini kabisa. Miaka yote ile mabondia wanamtafuta usoni, halafu mvuke wa maharage. Lakini akapona, na mwaka uliofuata alirudi ulingoni na miaka 42. Mwaka ule ule wa ajali, Cuba nayo ikawaruhusu mabondia wake wapiganie pesa. Miaka kumi na tatu tangu atoroke. Yeye amewahi kuzaliwa, au serikali imechelewa, chagua.

Pambano lako la mwezi ujao nitakuja, na safari hii nikatie mbele. Wakizomea usigeuke kunitafuta, mimi nitakuwa natazama miguu.

Hilo jicho likande kwa barafu, si maji ya moto kama anavyosema mjomba wako. Na ukija niletee mpira wa mfuniko wa sufuria ya presha, wa lita saba. Huu nilionao umeanza kupumulia pembeni.

Ni mimi mama yako.