Manowari ya bomba tatu: barua kwa Hamisi

Kibokoni, Mombasa

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Sisi sote wazima, kaskazi imeanza kuvuma na vumbi lake. Mama nilimwona Ijumaa akitoka sokoni, hajambo, ila analalamika goti na anasema simu zako ni fupi mno. Ujumbe nimeufikisha, msinitie tena katikati.

Sasa nije kwenye lile uliloniandikia. Umeniuliza, kwa kejeli yako ile ile ya tangu shuleni, imekuwaje mjukuu wa fundi wa majahazi anakesha akichonga manowari ya Mjerumani. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze kazi ilipofikia, maana ukiona picha peke yake utadhani nimepaka rangi ubao tu.

Meli yenyewe ni Königsberg, ile ambayo watu wa Dar es Salaam waliiita manowari ya bomba tatu kwa ajili ya dohani zake. Naiunda kwa kipimo cha 1 kwa 200. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, kwa hiyo hapa mezani ni sentimita 57 na nusu na ushei, kwa sentimita 6.6. Kila anayeingia chumbani hushangaa wembamba wake. Haikuundwa kubeba mizigo, bwana, iliundwa kukimbia na kupeleleza. Ilishushwa majini huko Kiel mwezi Desemba 1905, ikiwa na maboila 11 ya makaa na mwendo wa noti 24, yaani maili 24 za bahari kwa saa. Kwa mwendo huo tumbo lazima liwe jembamba, na ndiyo maana kila robo ya milimita unayokosea ubavuni inaonekana.

Mwili ni mbao laini, tabaka juu ya tabaka, nimezigandisha kwa gundi nyeupe na kuzibana usiku kucha, kisha patasi, kisha msasa, kisha msasa mwembamba zaidi. Mataruma, zile mbavu za ndani, sikuweka, babu angenicheka, lakini meli ya chuma haioneshi mataruma yake kwa nje, na mimi siundi kitu cha kuelea. Michoro ndiyo iliyonihangaisha. Watu wengi wanaotaka Königsberg huishia kutumia michoro ya Emden, manowari nyingine ya Mjerumani, kwa sababu Emden ina jina kubwa na vifaa vyake vinauzwa madukani tayari kwa kuunganishwa. Kwa mbali zinafanana: dohani tatu, mizinga kumi, omo iliyojitokeza mbele chini ya maji. Lakini Emden ni ya aina nyingine na ina mita 3 zaidi. Kwa kipimo changu hizo ni sentimita moja na nusu nzima! Ukishaipachika pale katikati, nafasi baina ya dohani zinakataa, na umeshapoteza meli.

Raha yangu ni mizinga. Ilikuwa kumi, ya milimita 105: miwili omoni, imesimama sambamba, sita katikati, mitatu kila ubavu, na miwili tezini. Mtutu ulikuwa na urefu wa mara arobaini ya tundu lake, yaani mita 4.2, na kwangu ni milimita 21. Tundu lenyewe linakuwa nusu milimita. Nilitafuta bomba la namna hiyo kila mahali, nikalipata kwenye duka la dawa: sindano yenye kitako cha kijani, namba 21. Tundu lake ni nusu milimita barabara. Naikata kwa tupa ndogo, si kwa koleo, maana koleo huibana ikafumba mdomo. Halafu naizungushia ukanda wa karatasi nyembamba iliyolowa gundi, mizunguko mingi kitakoni, michache kadiri ninavyokwenda mbele, hadi mtutu unene nyuma na kupungua taratibu kuelekea mdomoni. Ikikauka napitisha msasa, napaka rangi, na ukiuinua kwenye taa unaona mwanga upande wa pili. Ngao yake ni bati la kopo la soda, nalikata kwa mkasi wa kucha na kulikunja juu ya penseli. Mwenye duka la dawa ameshanizoea. Zamani alikuwa akinitazama kwa wasiwasi nikiagiza sindano bila dawa.

Na umesahau, au unajisahaulisha, kwamba mmoja wa mizinga hiyo kumi uko hapa hapa Fort Jesus. Nimekwenda na futi ya fundi cherehani nikapima mtutu, kitako, na vile unavyobadilika unene kwa hatua, jambo ambalo picha haioneshi vizuri. Askari wa zamu alikuja kuniuliza kama mimi ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Nilipomwambia naunda mfano wake kwa sindano alicheka, akanishikia ncha ya futi. Pale pale pana mzinga wa Pegasus, manowari ya Kiingereza ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Unguja alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, ikiwa imesimama kwa matengenezo. Walikufa mabaharia 38, wengine wamezikwa kisiwani Chapwani. Mizinga ya Pegasus haikuweza hata kufika ilikokuwa adui. Leo ile mizinga ya meli mbili ni majirani, na watalii wanaegemea yote miwili bila kujua ipi ni ipi.

Kamba na nyaya nimetumia nywele. Usicheke. Nywele za bandia za kusukia, zile nyeusi, unyuzi mmoja mmoja. Ni nyembamba kuliko uzi wowote wa cherehani na hazina manyoya. Unafunga unyuzi mlingotini kwa tone la gundi, unauvuta, na ukilegea unausogezea ncha ya chuma cha moto, kwa mbali, unajikaza wenyewe. Binti wa saluni ya jirani ananipa mabaki bure kwa sharti kwamba nikimaliza nimwoneshe.

Sasa swali lako. Jahazi nalipenda, wala sihitaji kuapa. Lakini jahazi babu alilijua kwa mikono yake, na mafundi wa Lamu mpaka leo wanachonga vijahazi vizuri kiasi kwamba mimi nikichonga changu kitakuwa nakala mbovu ya kazi ya wengine. Hii manowari hakuna hapa anayeichonga. Wanaoichonga wako huko Ujerumani mliko, na ndipo ugomvi wangu nao ulipo.

Mtu anayeunda meli ndogo hana budi kuchagua siku. Meli haibaki ile ile. Leo ina boti sita ubavuni, kesho mbili zimeondolewa, rangi imebadilika, bendera ni nyingine. Ukichanganya siku mjuzi atakusuta. Na mifano karibu yote ya Königsberg niliyoiona imechagua siku za amani: meli peke yake, safi, imesimama juu ya nguzo mbili za shaba kama iliyotoka kiwandani asubuhi ile. Wengine huchagua Unguja, kwa sababu ya ushindi. Mimi nimechagua Rufiji, mwanzoni mwa 1915, meli ikiwa mafichoni.

Unajua ilivyofika huko. Siku chache tu baada ya Vita vya Kwanza kuanza ilikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, upande wa Ghuba ya Aden, imejaa chai ya Ceylon. Baada ya hapo makaa yakawa tabu, maana Waingereza waliyafunga kila mahali. Ikapiga Pegasus, na kabla haijaanza safari ya kurudi kwao injini ikavunjika. Kapteni Max Looff akairudisha ndani ya delta, kwenye mikoko, ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa ajili ya mafungu ya mchanga. Yenyewe ilihitaji zaidi ya mita 5 za maji. Ilibidi vivutwe vimonita viwili, yaani manowari ndogo za mtoni zenye mizinga, Severn na Mersey, kutoka Malta mpaka huku. Viliundwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazil, na vilihitaji maji ya mita 1.7 tu. Ndege za kuongoza mizinga yao ziliruka kutoka Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Hayo yamo kila mahali. Lakini ile injini iliyovunjika, Hamisi, ilitengenezwa wapi? Dar es Salaam. Na vipande vyake vilifikaje Dar es Salaam kutoka Rufiji, na vikarudije? Vilipelekwa kwa nchi kavu, vikivutwa na watu. Na meli ilipokwisha kuzama, mizinga yote kumi ilitolewa mtoni, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatiwa magurudumu, ikazungushwa nchi nzima vitani. Mmoja uliwekwa juu ya Götzen kule Ziwa Tanganyika, meli ambayo leo ndiyo Liemba. Iliyosalia ni mitatu: huu wetu, mmoja uko Pretoria, mmoja Jinja. Mzinga haukufika Jinja kwa miguu yake. Ukiiweka meli juu ya nguzo za shaba, watu hao huna pa kuwaweka. Ukiiweka mtoni, nafasi ipo.

Kwa hiyo mwili wa meli nimeukata kwenye mstari wa maji na kuugandisha kwenye ubao. Milingoti nitaifunga matawi, kama walivyofanya kuificha. Ukingoni naotesha mikoko, mirefu ya sentimita saba hivi, mizizi yake ile ya kusimama juu ya matope ni nyuzi za katani zilizopakwa gundi, na majani ni majani ya chai yaliyochujwa, yakakaushwa, yakapakwa kijani kibichi. Hii chai ndiyo sehemu pekee ya kazi nzima ambayo nyumbani hawailalamikii. Maji ni rezini ya wale mafundi wa boti za faiba, nimeitia rangi ya matope, namimina kidogo kidogo, maana ukimimina kwa pupa inachemka na kujaa mapovu. Nimeshauriwa nisitie buluu hata chembe. Delta haina buluu.

Halafu watu. Mtu wa kimo cha mita 1.7 kwangu ni milimita 8 na nusu. Nawasokota kwa waya mwembamba wa shaba ninaoutoa ndani ya waya wa umeme, kiwiliwili nakijaza kwa matone ya gundi. Mabaharia sitahani ni rahisi, wanasimama wima. Wavutaji ndio wagumu, kwa sababu mtu anayevuta mzigo mzito anainama kwa namna yake: mguu wa nyuma umenyooka, kichwa kiko chini kuliko bega, na kamba imekaa begani, si mkononi. Niliwahi kuwasimamisha vibarua wa mkokoteni pale Marikiti wakinipa mgongo wapande mlima, nikachora. Walitaka pesa ya chai, nikatoa. Sasa nina mstari wa wavutaji ukingoni, na ndani ya mikoko mtumbwi mmoja wenye mtu aliyekaa tu akitazama. Huyo sijui nimemtoa wapi, lakini simtoi.

Rangi bado tunabishana mimi na nafsi yangu. Picha zote ni nyeusi na nyeupe, na kijivu cha kwenye picha kinaweza kuwa chochote. Nimechanganya kijivu kilichofifia, nikakipiga kutu chini ya matundu ya nanga na kwenye mifereji ya maji, kwa kuwa meli iliyokaa miezi kwenye unyevu ule haiwezi kung'aa.

Sasa nina maombi, ndipo ujue barua ndefu haziandikwi bure. Hapo Hamburg kuna lile jumba la makumbusho ya bahari, Kaispeicher B, lenye vimeli vidogo makumi ya maelfu, vingi vya kipimo cha 1 kwa 1250. Nenda siku moja ya mvua, kwani huko hazikosekani. Itafute Königsberg, itakuwa na urefu wa sentimita 9 hivi. Usichanganye na ile Königsberg ya Vita vya Pili, yenye mizinga mitatu mitatu ndani ya minara. Yangu ni ya dohani tatu. Nipigie picha kwa juu na kwa nyuma, usihangaike na ubavu, ubavu ninao. Ninachotafuta ni mpangilio wa vitu kwenye sitaha baina ya dohani ya tatu na mlingoti wa nyuma. Na kama una dakika, andika barua pepe kwa hifadhi ya nyaraka za kijeshi kule Freiburg, uwaulize nakala ya michoro ya meli hii inagharimu kiasi gani. Mimi nikiwaandikia kwa Kijerumani changu cha kamusi watadhani ni vitisho.

Tena niletee ncha za keekee, za milimita 0.3 na 0.5, tano tano, zinavunjika kwa kuzitazama tu. Usizitie posta. Mpe shemeji yako akija mwezi wa Rajabu, na umwambie azifunge ndani ya soksi, asizichanganye na zile chokoleti za watoto kama mara ile.

Goti la mama, piga simu Jumapili baada ya alasiri, anakuwa amepumzika.

Wako,
Athumani